Lebo ya nchi ya asili ya chakula

Lebo ya nchi ya asili ya chakula ni maandishi yanayowekwa kwenye kifungashio cha chakula, au kwenye bango la mahali kinapouzwa, ili kumjulisha mnunuzi kwamba chakula hicho kimetoka nchi gani. Kwa kawaida huwa ni maneno mafupi kama "Imetengenezwa Tanzania", "Zao la Kenya" au, kwa Kiingereza, "Product of India".

Ingawa ni mafupi, maneno hayo yanaweza kuwa na maana mbili tofauti. Yanaweza kutaja nchi ambako zao lililimwa au mnyama alifugwa. Yanaweza pia kutaja nchi ambako chakula kilisindikwa mara ya mwisho, hata kama malighafi yake ilitoka mbali. Kwa baadhi ya vyakula, kama vile nyanya mbichi, nchi hizo mbili ni moja. Kwa vingine, kama vile mafuta ya kula, korosho na asali, zinaweza kuwa nchi tofauti kabisa.

Nchini Tanzania tofauti hiyo inawahusu sana wakazi wa mikoa inayolima alizeti, hasa mkoa wa Singida, kwa sababu mafuta ya alizeti yanayokamuliwa huko hushindana sokoni na mafuta ya mawese yanayotoka nje ya nchi.

## Historia

Sheria za kulazimisha bidhaa zitaje nchi zilikotoka zilianza katika karne ya 19. Mwaka 1887 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Alama za Bidhaa, iliyolenga bidhaa za kigeni zilizouzwa kana kwamba zimetengenezwa Uingereza. Maneno "Made in Germany" yalienea kutokana na sheria hiyo. Yalikusudiwa kuwa onyo kwa mnunuzi, lakini baada ya muda yakageuka kuwa sifa ya ubora. Marekani ilidai alama kama hizo kwa bidhaa zilizoingia nchini humo kupitia sheria yake ya ushuru ya mwaka 1890.

Kwa upande wa chakula, hatua kubwa ya kimataifa ilikuja baada ya mwaka 1963, wakati Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO) yalipounda Tume ya Codex Alimentarius. Mwaka 1985 tume hiyo ilitoa kiwango cha jumla cha lebo za vyakula vilivyofungashwa. Nchi nyingi, zikiwemo za Afrika Mashariki, zimetunga viwango vyao kwa kufuata kiwango hicho.

Mwaka 1963 Tanganyika nayo ilitunga Sheria ya Alama za Bidhaa. Sheria hiyo, pamoja na marekebisho yake, bado inatumika Tanzania Bara dhidi ya bidhaa bandia na zenye maelezo ya uongo, yakiwemo ya mahali zilikotengenezwa.

## Jinsi nchi ya asili inavyoamuliwa

Kiwango cha Codex kina kanuni mbili kuhusu jambo hili:

* Nchi ya asili itajwe ikiwa kutoitaja kungempotosha au kumdanganya mnunuzi.
* Chakula kikisindikwa katika nchi ya pili kwa namna inayobadilisha hali yake ya msingi, nchi ya pili ndiyo itakayohesabiwa kuwa nchi ya asili kwa ajili ya lebo.

Kanuni ya pili ndiyo inayosababisha mijadala mingi. Ngano iliyolimwa Urusi ikisagwa Dar es Salaam na kuokwa mikate, ni wazi kwamba mkate ni wa Tanzania. Lakini si rahisi kusema hivyo kuhusu mafuta ghafi yaliyosafishwa tu, kahawa iliyokaangwa tu au korosho iliyobanguliwa tu. Codex haikuorodhesha ni usindikaji gani unaotosha, hivyo kila nchi au jumuiya ya nchi huamua yenyewe.

Korosho ni mfano unaojulikana. Sehemu kubwa ya korosho za Mtwara, Lindi na Pwani huuzwa nje zikiwa ghafi, hasa India na Vietnam, ambako hubanguliwa na kufungashwa. Pakiti inayofika katika duka la Ulaya inaweza kutaja nchi ya kiwanda bila kuitaja Tanzania. Mlaji anajua mahali korosho ilipobanguliwa, lakini hajui mahali mkorosho ulipo.

### Kanuni za forodha

Nchi ya asili huamuliwa pia na maofisa wa forodha, ili wajue ni ushuru gani utozwe. Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) ilianza kutumika mwaka 2005, na kanuni za uasili wa bidhaa zinazotumika sasa ni za mwaka 2015. Kwa mujibu wa kanuni hizo, bidhaa huhesabiwa kuwa ya nchi mwanachama ikiwa:

* imepatikana yote ndani ya nchi hiyo, kwa mfano nafaka iliyovunwa, mnyama aliyezaliwa na kufugwa, au samaki aliyevuliwa katika maziwa yake, au
* imetengenezwa kwa malighafi ya nje iliyofanyiwa mabadiliko ya kutosha, kwa kufuata vigezo vilivyowekwa kwa kila aina ya bidhaa.

Kanuni hizo zinataja pia kazi ambazo peke yake hazibadilishi asili ya bidhaa. Miongoni mwake ni kufungasha, kujaza kwenye chupa na kuchanganya kwa njia rahisi. Kwa hiyo mchele ulioletwa kutoka Asia kwa magunia makubwa haugeuki kuwa mchele wa Tanzania kwa kutiwa katika mifuko ya kilo tano jijini Dar es Salaam.

Uthibitisho wa forodha ni cheti cha uasili, hati inayosafiri na mzigo. Wafanyabiashara wadogo wanaovusha mpakani bidhaa zilizoorodheshwa, zenye thamani isiyozidi dola za Marekani 2,000, wanaweza kutumia cheti rahisi kinachotolewa mpakani. Cheti hicho hakimfikii mnunuzi wa dukani, ambaye anabaki na lebo peke yake.

## Usimamizi nchini Tanzania

Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lilianzishwa mwaka 1975 na sasa linaongozwa na Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Hadi mwaka 2019 usalama wa chakula ulikuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Mwaka huo kazi za chakula na vipodozi zilihamishiwa TBS, na mamlaka ya zamani ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Kwa Zanzibar, kazi ya viwango hufanywa na Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS). Tume ya Ushindani (FCC) hushughulikia bidhaa bandia na udanganyifu dhidi ya walaji Tanzania Bara.

Kiwango cha Afrika Mashariki kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 38, kinaitaja nchi ya asili miongoni mwa taarifa za lebo. Nyingine ni jina la chakula, orodha ya viambato, ujazo au uzito halisi, jina na anwani ya mhusika, namba ya toleo, na tarehe za kutengenezwa na kuisha muda.

Taratibu hizi zinahusu chakula kilichofungashwa. Nafaka, matunda na mboga zinazopimwa kwa debe, sado au fungu sokoni kwa kawaida hazina lebo yoyote.

## Mfano: mafuta ya kula Ilongero

Ilongero ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida, katika mkoa wa Singida, katikati ya Tanzania. Mkoa huo una mvua chache, na alizeti hustahimili hali hiyo kuliko mazao mengi. Pamoja na vitunguu, asali na kuku wa kienyeji, mafuta ya alizeti ni bidhaa inayotambulisha Singida kwa wasafiri, ambao huyanunua kwenye madumu na chupa kando ya barabara kuu. Mwaka 2021 serikali iliichagua mikoa ya Singida, Dodoma na Simiyu kuwa ya mfano katika kuongeza kilimo cha alizeti.

Sababu ya mpango huo ilikuwa upungufu wa mafuta nchini. Makadirio ya serikali ya miaka hiyo yalionyesha kwamba Tanzania inahitaji zaidi ya tani 500,000 za mafuta ya kula kwa mwaka, na kwamba uzalishaji wa ndani haufiki nusu ya kiasi hicho. Pengo hujazwa zaidi na mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Mengi huingia yakiwa ghafi au yamesafishwa kidogo, kisha humaliziwa kusafishwa na kufungashwa katika viwanda vya nchini.

Kutokana na hali hiyo, duka moja katika mji mdogo kama Ilongero linaweza kuwa na chupa za aina tatu kwenye rafu moja:

1. Mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa karibu. Mkulima hupeleka mbegu kwenye mashine ya kukamulia, akapata mafuta na mashudu ya kulishia mifugo. Mara nyingi mafuta hayo hutiwa katika chupa za maji zilizokwisha kutumika. Hayana lebo, au yana lebo ya kampuni ya maji ambayo haihusiki nayo kabisa. Jirani anajua yametoka shamba gani. Mnunuzi wa mji wa mbali hana njia ya kujua.
2. Mafuta yaliyosafishwa kiwandani nchini. Lebo inasema "Imetengenezwa Tanzania". Kiwanda, wafanyakazi na kodi ni vya Tanzania, lakini malighafi inaweza kuwa alizeti ya Singida au mawese ya Asia.
3. Mafuta yaliyoingizwa yakiwa tayari. Lebo inataja nchi ya nje, pamoja na jina na anwani ya mwingizaji aliyeko Tanzania.

Mnunuzi anayetaka pesa yake imfikie mkulima wa alizeti hawezi kutegemea neno "Tanzania" peke yake. Inampasa asome jina la mafuta na orodha ya viambato. "Mafuta ya alizeti" ni tofauti na "mafuta ya mimea" au "mafuta ya kupikia", majina ya jumla yanayoweza kubeba mawese, soya au mchanganyiko. Kama kiambato ni alizeti na kiwanda kiko mikoa ya kati, uwezekano wa mbegu kuwa za nchini ni mkubwa zaidi, ingawa lebo yenyewe haiuthibitishi.

Watu wengi hutumia baridi kama kipimo. Katika miezi ya Juni na Julai, usiku wa Singida huwa na baridi, na mafuta ya mawese huanza kuganda au kuwa na ukungu chini ya chupa, huku ya alizeti yakibaki majimaji. Kipimo hicho husaidia kutambua aina ya mafuta, lakini hakionyeshi nchi. Mawese ya Kigoma, ambako michikichi imelimwa kwa vizazi vingi, huganda vilevile, nayo ni ya Tanzania. Kinyume chake, mafuta ya alizeti yanaweza kuwa yametoka Ukraine au Urusi, ambazo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mafuta hayo duniani.

Bei ya mbegu za alizeti hufuata kwa karibu ushuru wa mafuta ya nje. Katika mwaka wa fedha 2018/19 Tanzania ilipandisha ushuru wa forodha hadi asilimia 25 kwa mafuta ghafi na asilimia 35 kwa yaliyosafishwa, kwa lengo la kulinda wakulima na wakamuaji wa ndani. Mwaka 2022 bei za mafuta zilipanda duniani kutokana na vita vya Ukraine na hatua ya Indonesia ya kuzuia kwa muda uuzaji wa mawese nje, na ushuru ukalegezwa ili kuwapunguzia walaji makali. Msimu wa 2022/23 bei ya alizeti ilishuka, na mafuta ya nje yaliyoingia kwa ushuru mdogo yalitajwa miongoni mwa sababu. Hali hiyo ilionyesha mvutano uliopo: mafuta ya bei nafuu humsaidia mpishi wa mjini, lakini yanaweza kumvunja moyo mkulima asilime alizeti msimu unaofuata.

Kwa mkamuaji mdogo, lebo ni njia ya kutoka katika biashara ya chupa zisizo na jina. Anahitaji chupa mpya, eneo safi la kazi na bidhaa iliyopimwa. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, huwasaidia wajasiriamali kwa mafunzo na vifungashio, na wale linaowatambulisha kwa TBS hupata nafuu ya gharama za kuthibitisha ubora katika miaka ya mwanzo.

## Alama zinazochanganywa na nchi ya asili

### Baakodi

Wengi huamini kwamba tarakimu tatu za kwanza za baakodi, yaani zile namba zilizo chini ya mistari myeusi, huonyesha nchi bidhaa ilikotengenezwa. Si kweli. Tarakimu hizo huonyesha tawi la shirika la kimataifa la GS1 lililotoa namba kwa kampuni. Tanzania ina 620, Kenya 616, Afrika Kusini 600 na 601, India 890, Malaysia 955, na Indonesia 899.

Kampuni iliyosajiliwa Tanzania inaweza kuweka 620 kwenye chakula ilichokiagiza kutoka nje. Vilevile, kabla ya GS1 Tanzania kuanza kazi mwaka 2011, wazalishaji wa Tanzania walitumia namba za nchi nyingine, zikiwemo Kenya na Afrika Kusini, ingawa bidhaa zao zilikuwa za Tanzania.

### Alama ya TBS

Alama ya ubora ya TBS humaanisha kwamba bidhaa imethibitishwa kukidhi kiwango husika. Haisemi malighafi ilitoka wapi. Mafuta ya mawese kutoka nje yaliyosafishwa nchini kwa kufuata kiwango yanaweza kuwa na alama hiyo sawa na mafuta ya alizeti.

### Maneno mengine

* "Packed in" au "Imefungashwa": hutaja mahali chakula kilipofungwa, si kilipolimwa.
* "Distributed by" au "Imesambazwa na": hutaja msambazaji tu.
* "Manufactured for" au "Imetengenezwa kwa ajili ya": hutaja mwenye jina la biashara. Kiwanda kinaweza kuwa nchi nyingine.
* Bendera, picha na majina ya mahali: picha ya mlima Kilimanjaro au jina la Kiswahili si tamko la nchi ya asili.

## Asili ya eneo ndani ya nchi

Katika masoko ya Tanzania, eneo lina uzito kuliko nchi. Wanunuzi huuliza kama mchele ni wa Kyela, kama machungwa ni ya Muheza na kama vitunguu ni vya Singida, na wako tayari kulipa zaidi kwa jina wanaloliamini. Kwa kuwa majina hayo hutajwa kwa mdomo, ni rahisi kutumiwa kwa zao la mahali pengine.

Katika baadhi ya nchi majina ya namna hiyo hulindwa kisheria kama viashiria vya kijiografia. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Zanzibar ya mwaka 2008 ina vifungu vinavyohusu viashiria hivyo, jambo lenye maana kwa karafuu, zao lililovipa visiwa hivyo umaarufu duniani.

Eneo la zao linaweza kuwa pia suala la afya. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye iliruhusu biashara kuendelea kwa masharti. Mzigo ulitakiwa kuwa na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi kiwango kinachokubalika, na wafanyabiashara walitakiwa kuonyesha eneo mahindi yalikolimwa. Kutaja nchi peke yake hakukutosha, kwa kuwa sumukuvu hutegemea hali ya hewa ya eneo na jinsi mahindi yalivyokaushwa na kuhifadhiwa.

## Katika nchi nyingine

Umoja wa Ulaya ulianza kudai lebo za asili ya nyama ya ng'ombe mwaka 2000, kufuatia hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Lebo hutaja nchi ambako mnyama alizaliwa, alifugwa na alichinjwa. Kwa asali, kwa miaka mingi iliruhusiwa kuandika tu kwamba ni mchanganyiko wa asali ya nchi za Umoja huo na za nje. Sheria iliyopitishwa mwaka 2024 inataka kila nchi itajwe pamoja na asilimia yake kuanzia Juni 2026. Mabadiliko hayo yanazihusu pia nchi zinazouza asali Ulaya, ikiwemo Tanzania, kwa kuwa majina yao hayatafichwa tena ndani ya mchanganyiko.

Marekani ilipitisha mwaka 2002 sheria ya kutaja nchi ya asili ya nyama, samaki, matunda na mboga. Kanada na Mexico zililalamika katika Shirika la Biashara Duniani kwamba lebo za nyama ziliwabagua wafugaji wao, na zikashinda. Desemba 2015 Bunge la Marekani liliondoa nyama ya ng'ombe na ya nguruwe katika sheria hiyo. Mwaka 2024 serikali ya nchi hiyo ilitoa kanuni mpya: anayeamua kuandika "Product of USA" kwenye nyama sharti mnyama awe amezaliwa, amefugwa, amechinjwa na kusindikwa Marekani.

## Faida na mapungufu

Wanaounga mkono lebo hizi husema kwamba zinampa mlaji haki ya kuchagua, zinamlinda mzalishaji mwaminifu na zinarahisisha kuondoa sokoni chakula chenye madhara. Wanaozikosoa husema kwamba zinaongeza gharama, hasa kwa wasindikaji wadogo, na kwamba zinaweza kutumika kama kizuizi cha biashara kilichofichwa.

Nchi ya asili si kipimo cha usalama wala cha ubora. Chakula cha ndani kinaweza kuwa kibovu, na cha nje kinaweza kuwa kizuri. Kwa chakula kilichosindikwa, lebo hueleweka vizuri zaidi inaposomwa yote kwa pamoja: jina la chakula, viambato, nchi, anwani ya mzalishaji na tarehe.

## Tazama pia

* Alizeti
* Codex Alimentarius
* Jumuiya ya Afrika Mashariki
* Mkoa wa Singida
* Shirika la Viwango Tanzania
* Sumukuvu